Sakafu Iliyopandishwa Mara Nne

Asubuhi ya siku ya kupimwa, fundi sakafu alikaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, akakata kucha za miguu. Alikuwa na beseni la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni ya kufulia na wembe mpya. Mikono yake bado ilikuwa na saruji ya kazi aliyoifanya alfajiri ile, lakini alianza na miguu. Alianzia kidole gumba cha kulia kama kawaida yake, akasonga pole pole, ulimi nje, kama mtu anayechonga ukingo wa ngazi. Alikuwa na miaka sabini na minane na magoti hayakukunja vizuri tena, kwa hiyo kidole cha mwisho alikikata kwa kubahatisha.

"Karani haangalii kucha, mzee," mke wake alimwambia kutoka jikoni. "Anaangalia chini yake."

"Mtu akiinama mbele ya miguu yako, mama, mpe kitu safi cha kutazama."

"Miaka thelathini na moja anaitazama. Hata ukimpelekea picha ataijua."

Fundi alisugua visigino kwa jiwe, ingawa vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Visigino vya familia nzima vilikuwa hivyo, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akikanyaga kitu. Walitembea juu ya ardhi ya mkoa kwa unene wa kidole kidogo kilicholazwa. Haikuzidi, haikupungua. Iwe udongo, lami, zulia au vigae, nafasi ilikuwa ile ile, na mtu asiye na haraka aliweza kuiona, mstari mwembamba wa mwanga chini ya soli. Kwenye maji haikusaidia. Mtoni walizama kama watu wengine, na shemeji mmoja aliyetaka kuthibitisha vinginevyo alivutwa kwa kamba.

Ilianza siku ile ile walipoingia mkoani. Walikuwa wametembea siku kumi na moja na godoro, sufuria mbili na ndoo ya vifaa vya kazi, baada ya watu wa kwao kuamua kwamba majirani wa aina yao wametosha. Walipolipita jiwe la mpakani, mke alisimama.

"Mbona kimya?"

Fundi akasikiliza. Vishindo vya miguu yao vilikuwa vimekoma.

"Mchanga huo," alisema, wakaendelea, kwa sababu godoro lilikuwa zito na mvua ilikuwa inakuja.

Haikuwa mchanga. Familia zote zilizokuja kwa njia ile zilipata hali ile ile, na zikajenga pamoja kwenye mtaa wa juu, ambako viatu vilidumu miaka kumi na tano. Fundi viatu mmoja alifungua kibanda pale mtaani. Alikifunga baada ya wiki tatu na hakumlaumu mtu.

Kwa fundi sakafu, jambo hilo lilikuwa mtaji. Mafundi wengine husakafia wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kama mtu anayemkimbia mbwa kwa heshima, na wakikumbuka kona waliyoisahau kule ndani, basi tena, mpaka ikauke. Yeye alirudi. Alitembea juu ya saruji mbichi na pima maji mkononi, akainama katikati ya chumba, akasawazisha palipovimba, akatoka, na nyuma yake hakukuwa na alama hata ya unywele. Ndani ya miaka minane alikuwa amesakafia hospitali ya mkoa, shule sita, posta, mahakama na ukumbi wa baraza la mkoa. Mkoa mzima ulikuwa unakanyaga kazi yake. Alipopita barabarani watu walimwamkia, "Fundi, ile sebule yangu mpaka leo kioo," naye akajibu, "Usiipige sabuni ya unga," kwa sauti ya daktari.

Mwaka wa kumi alivaa koti na kwenda ofisi ya daftari la wakazi kuandikishwa. Sheria ilisema mkazi ni mtu ambaye mguu wake umegusa ardhi ya mkoa kwa miaka kumi mfululizo. Aliyeiandika alikuwa mtu mwema aliyependa maneno yenye sura, na hakuwaza kwamba siku moja atatokea wa kuisoma neno kwa neno. Alitokea. Alikuwa karani wa miaka ishirini na sita, mpya kazini, aliyepiga pasi mpaka soksi.

Karani alikuwa ameshashika kalamu. Upepo wa dirishani ukaipeperusha fomu kutoka mezani, ikateleza sakafuni, ikapita chini ya mguu wa kulia wa fundi, ikapita chini ya ule wa kushoto, ikatokea upande wa pili na kugota ukutani. Wote wawili waliitazama.

"Imepita," karani alisema.

"Imepita," fundi alikubali, maana alikuwa mtu mkweli.

Karani alisoma sheria upya, mara mbili, kidole chini ya mstari.

"Basi siwezi, mzee. Inasema kugusa."

"Na nikigusa?"

"Nakuandika hapo hapo. Miaka kumi tayari unayo."

"Mwakani basi."

"Mwakani. Karibu sana."

Akamwandika kwenye daftari lingine, jembamba, la jalada la buluu, lililoitwa daftari la wapita njia. Mpita njia aliruhusiwa kukaa, kufanya kazi, kulipa kodi na kufa. Hakupiga kura wala hakupewa hati ya kiwanja. Tangu siku hiyo, kila mwaka mvua zikiisha, mtaa wa juu mzima ulipanga foleni kwa karani, na karani akapitisha karatasi chini ya miguu ya kila mmoja, na karatasi ikapita.

Fundi hakukata tamaa, kwa sababu aliielewa shida yenyewe kwa namna ambayo fundi sakafu peke yake angeielewa. Alijaribu kwanza uzito. Alisimama na mfuko wa saruji kila bega, na karatasi ikapita. Alijaribu viatu vya soli nene, soli nayo ikapanda. Ndipo usiku mmoja akakaa kitandani na kumwamsha mke wake.

"Sakafu yao iko chini," alimwambia.

"Ya nani?"

"Ya ofisi. Imewekwa chini kwa kidole kimoja. Kosa si letu, kosa ni la aliyesakafia."

Wiki iliyofuata alijitolea kuipandisha sakafu ya ofisi ya daftari kwa unene wa kidole kidogo, bure, na karani akakubali kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na nyufa. Kazi ilikuwa safi kabisa. Mlango ukawa haufunguki, ikabidi seremala aukate chini. Siku ya kupimwa fundi alisimama juu ya sakafu mpya, na alikuwa juu yake kwa unene wa kidole kidogo.

Alilifikiria jambo hilo miaka tisa. Akaona alikosea kipimo, akaipandisha tena. Miaka kumi baadaye akaipandisha mara ya tatu. Mlango ulikatwa mara tatu, na kabati la mafaili likawa linagusa dari. Kila mkazi aliyeingia alijikwaa kizingitini. Wa mtaa wa juu tu ndio hawakujikwaa.

Binti yake alizaliwa mwaka wa tatu wa kukaa mkoani, katika wodi ya hospitali ambayo baba yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuisakafia. Alipotambaa, viganja na magoti vilikuwa juu kwa kidole kimoja. Shuleni watoto walimwita Hakanyagi, na jina likamganda. Alikuwa na mdomo mwepesi na hati nzuri, na likizo zote alizimaliza kazini kwa baba yake, akishika pima maji na kusema kiputo cha hewa ndani yake kimekaa wapi. Alikuwa na miaka tisa ukumbi wa baraza uliposakafiwa mara ya pili. Madiwani walihamia chumba cha pembeni, na kelele zao zikawa zinapenya ukutani.

"Baba, wanagombania nini?"

"Kalvati."

"Si waliweke?"

"Ndiyo hiyo," fundi alisema, na hiyo ndiyo ikawa elimu yake ya kwanza ya siasa. Watu waliomjua vizuri walisema hakuhitaji ya pili.

Akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa katibu wa kamati ya maji, kazi ambayo wakazi waliikimbia kwa sababu ya kutembea. Mwaka huo mvua ziligoma kuisha. Barabara ya soko ikameza malori mawili na trekta lililokwenda kuyatoa, na kata tisa zikakatika. Hakanyagi alitembea juu ya tope wiki sita, nyumba kwa nyumba, na daftari la shule ndani ya mfuko wa nailoni, akiandika nani anakosa nini: dawa ya kifafa, chumvi, skrubu ya bawaba, mwalimu wa hesabu. Kila jioni alirudi viatu vikavu. Jua lilipotoka alisimama kwenye mkutano wa hadhara, akasoma orodha nzima, majina mia nne na kumi na tisa, na baada ya kila jina alinyamaza mpaka afisa mhusika aseme ataleta lini. Mkutano ulichukua siku mbili. Vitu vilikuja, hata mwalimu wa hesabu, ingawa alikuja akilalamika.

Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza kama atagombea, walimuuliza anataka rangi gani kwenye mabango. Sheria ya kugombea ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, mwaka mwingine, na ilidai mambo matatu: uzaliwe mkoani, ujue kusoma, usiwe na kesi. Hivyo Hakanyagi aliweza kuchaguliwa ingawa hakuweza kuchagua. Mpinzani wake, mfanyabiashara ambaye wote walimwita Mzee Mabati, alipiga kampeni ya neno moja: mchague mwenye mguu ardhini. Hakanyagi alimjibu sokoni, juu ya gunia la viazi.

"Ni kweli sigusi ardhi," alisema. "Gari la mpinzani wangu linaigusa vizuri sana. Liko pale kwenye tope tangu Jumanne."

Watu waligeuka kulitazama. Mama mmoja wa nyanya akasema, "Huyu hakanyagi ardhi, na hakanyagi mtu," na kufikia saa tisa maneno hayo yalikuwa ukutani kwa chokaa. Hakanyagi alikuwa diwani mihula mitatu. Makalvati yaliwekwa. Barabara ya soko ilipata mitaro pande zote mbili, na Mzee Mabati mwenyewe, aliyepata udiwani wa kata ya jirani, alikiri kwamba tangu hapo hajanunua ekseli.

Mwaka Hakanyagi alipogombea uenyekiti wa baraza la mkoa, fundi alivaa lile koti na kwenda kusimama nje ya kituo cha kupigia kura. Ndani hakuruhusiwa. Kituo kilikuwa darasa la shule aliyoisakafia yeye, na kupitia mlangoni aliwaona watu wakiingia na viatu vya matope kumpigia kura mtoto wake. Siku nyingine yoyote angewagombeza. Siku hiyo alisimama nyuma ya kamba ya kituo tangu asubuhi mpaka jioni, mikono nyuma, na kila aliyetoka alimpa mkono. Wengine walimwonyesha kidole chenye wino. Yeye aliwaonyesha vyake, vina saruji kwenye kucha, na ikaonekana kwamba ni sawasawa.

Hakanyagi alishinda kata kumi na tisa kati ya ishirini na nane. Siku ya kiapo fundi na mkewe waliketi mstari wa mbele, na kwenye vifua vyao vikaratasi vilivyoandikwa MPITA NJIA, kwa taratibu za ulinzi. Hakanyagi alisimama katikati ya ukumbi, kitabu mkononi, mstari wa mwanga chini ya viatu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mtazame mtoto wewe," mkewe alimnong'oneza.

"Namwona."

"Unatazama sakafu."

"Namwona kwenye sakafu," fundi alisema. Na kweli alikuwemo, mzima, kichwa chini miguu juu, na kila kitufe cha gauni kinahesabika. "Miaka ishirini na tisa, mama. Angalia inavyong'aa."

Mwezi wa pili wa uenyekiti wake, Hakanyagi alipeleka hoja fupi kuliko zote zilizowahi kuletwa barazani. Ilitaka maneno "ambaye mguu wake umegusa ardhi ya mkoa" yaondolewe na yawekwe "aliyeishi mkoani". Hakuna aliyezungumza kwa ubaya. Mzee Mabati aliinuka na kusema kwamba fundi alimsakafia nyumba tatu na hajawahi kuona mtu mwaminifu kama yule.

"Lakini, mheshimiwa mwenyekiti, tukiondoa mguu leo, kesho tutaondoa nini?"

Hakukuwa na aliyejua, kwa hiyo swali likachukuliwa kuwa zito. Kura zikapigwa, kumi na nne kwa kumi na nne. Zikilingana, mwenyekiti hupiga ya mwisho. Hakanyagi alikuwa ameshafungua mdomo, katibu wa baraza akakohoa na kufungua kitabu cha kanuni. Kura ya mwenyekiti, kanuni ilisema, huhesabiwa endapo jina lake limo kwenye daftari la wakazi. Kanuni ilikuwa na miaka sitini na haikuwahi kuhitajika.

Hakanyagi aliisoma. Akaandika kwa mkono wake, "hoja imeanguka", akaita ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa kivuko cha kata ya mashariki. Kilipita kwa kura zote.

Jioni alikwenda kwa wazazi wake bila dereva. Fundi alikuwa mezani, anapaka miko yake mafuta.

"Kura ngapi?"

"Kumi na nne, kumi na nne."

"Na yako?"

"Yangu haihesabiki, baba. Simo kwenye daftari."

Fundi alimtazama kidogo, kisha akacheka mpaka mkewe akaja kumpiga mgongoni.

"Hiyo sasa ndiyo kona mbaya," alisema akifuta macho. "Fundi kajisakafia ndani."

"Naileta tena mwakani."

"Ilete. Lakini mimi magoti haya hayana mwakani nyingi, na ningependa jina langu liandikwe nikiwa naweza kulisoma." Akashusha mwiko. "Nimewaza kitu. Mara zote tatu tulipima ikiwa kavu."

"Ikiwa kavu nini?"

"Saruji. Kavu ni ngumu, inakusukuma. Mbichi inapokea. Mguu wa mtu ukiwekwa kwenye mbichi unazama, na ukizama umegusa. Sheria haikusema ardhi ikauke kwanza."

Mke wake alisema kwamba nyumba hiyo ina wendawazimu wawili na mmoja ni mwenyekiti. Hakanyagi aliitoa miwani ya baba yake puani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akamrudishia. Karani, ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na saba na alibakiza miezi minne astaafu, alilisikiliza wazo hilo mpaka mwisho, akatafuta kwenye sheria kitu cha kulizuia, hakukiona. Mlango ukakatwa mara ya nne.

Ndiyo maana asubuhi ile ya kucha fundi alikuwa na saruji mikononi. Alikuwa ameimwaga sakafu alfajiri, na kufikia saa tatu, alipofika amevaa koti, na mkewe na binti yake pembeni, ilikuwa ingali laini kama uji. Wakazi waliokuja kwa shughuli nyingine walichungulia dirishani. Wa mtaa wa juu walijipanga uani, kimya, kofia mikononi. Karani alikuwa ameingilia dirishani na kukaa juu ya meza yake, viatu vikining'inia, madaftari yote mawili mapajani.

Fundi alivua viatu mlangoni. Aliingia pekupeku, akatembea mpaka katikati ya chumba na kusimama.

"Kanyaga, mzee," karani alisema. Hakuwa anaamuru, alikuwa anamwombea.

"Nakanyaga."

Alikanyaga. Alikaza mapaja, akakunja magoti yasiyokunjika, jasho likamtoka kipajini. Chini yake saruji mbichi ilitulia, haikutikisika. Karani alingoja dakika nzima kwa saa yake. Kisha akashuka mezani, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, na miguu yake ikazama mpaka juu ya soli kwa sauti ya kunyonya. Akapiga hatua nne. Akainama, akapitisha karatasi.

Ilipita.

"Imetoka vipi?" fundi aliuliza.

Karani aliigeuza. "Kavu."

"Hebu."

Fundi aliishika, akaipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kazi ya mwanafunzi.

"Kavu," alikubali.

Ikapita kwa mke wake. Ikapita kwa mwenyekiti wa baraza la mkoa, ambaye alisimama wima, mkoba begani, kama alivyosimama kila mwaka tangu akiwa na miaka kumi. Karani alirudi mezani, akaandika majina yao matatu kwenye daftari la buluu, kisha akafungua lile kubwa, la wakazi, kwenye ukurasa wa mwisho, akalisogeza mezani pamoja na kalamu.

"Na hapa, mheshimiwa. Mwenyekiti husaini mara moja kwa mwaka, siku ya leo. Bila saini yako daftari si halali."

"Nisiposaini?"

Karani alisafisha koo. "Waliomo wote wanakuwa hawamo. Laki mbili na elfu arobaini."

Nje ya dirisha wakazi walisogea karibu. Mzee Mabati alikuwa mmoja wao. Alikuja kufuatilia cheti cha mjukuu.

"Usisaini," mama yake Hakanyagi alisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa chai. "Mkoa mzima uwe wapita njia. Tupange foleni wote, tuone karatasi itachoka lini."

Hakanyagi alishika kalamu bila kuandika. Alimtazama baba yake. Fundi alikuwa bado katikati ya chumba, karatasi kavu mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana amechoka.

"Baba?"

"Mimi nimewasakafia nyumba wengi tu hao," fundi alisema. "Nyingine wakati nina hasira, nyingine wakati nina homa. Sijawahi kumharibia mtu sakafu." Akafikiri kidogo. "Saini huwa unaandika nini?"

"Jina."

"Jina gani?"

"Langu na lako."

"Kamili?"

"Nikitaka."

Fundi alivaa miwani na kusogea mezani. Hakanyagi akaandika. Alikuwa na hati nzuri tangu shule, na safari hii hakuwa na haraka: jina lake, jina la baba yake, na jina la babu yake aliyebaki kule walikotoka, yote matatu, chini ya majina laki mbili na elfu arobaini. Karani akapiga muhuri pembeni yake, kwa uangalifu, usiguse herufi. Nje watu wakapumua.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akaweka kidole chini ya jina la kati, akalisoma herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Limo," alisema.

"Limo kama saini, mzee," karani alimkumbusha kwa upole. "Si kama mkazi. Ukazi uko pale pale."

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini limo?"

Karani alitazama ukurasa kwa muda. Alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na moja bila kuandika kitu kisicho cha kweli.

"Limo," alisema.

"Mama, njoo uone. Ameandika na la marehemu baba."

Mke wake alikuja, akatazama, akasema babu mwenyewe hakuwahi kuliandika vizuri hivyo. Kisha akatoka uani kuwaambia wengine kwamba foleni isogee, na wakaingia mmoja mmoja, na karatasi ikapita kwa kila mmoja, na kila mmoja kabla ya kutoka aliomba kuonyeshwa ukurasa wa mwisho.

Walipomaliza ilikuwa saa saba. Saruji ilikuwa inaanza kushika. Kati ya meza na katikati ya chumba kulikuwa na nyayo za karani, za kwenda na kurudi, za viatu namba arobaini na mbili, na hapakuwa na alama nyingine yoyote, ingawa watu zaidi ya mia tano walikuwa wamepita hapo tangu asubuhi.

"Nimekuharibia, mzee," karani alisema akiwa amerudi juu ya meza.

"Usijali. Ndiyo kazi yenyewe."

Fundi alivua koti, akampa mwenyekiti wa baraza la mkoa amshikie. Akatoa mwiko mfukoni, akapiga goti moja, kisha la pili, na binti yake akamshika kiwiko. Akaanza na unyayo uliokuwa karibu na meza. Aliujaza, akaulainisha, akahamia wa pili.

"Kiputo kimekaa wapi?" aliuliza.

Hakanyagi aliweka pima maji chini, akainama kutazama.

"Katikati, baba."

"Mwambie karani mpya asivae viatu vizuri mwakani," fundi alisema, akahamia wa tatu.